Mechi saba, mpinzani mmoja

Kwa miaka mingi msimu wa kawaida wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, umekuwa wa mechi 82. Jumanne timu iko Boston, Alhamisi iko Detroit, Jumamosi imesharudi nyumbani kumpokea mgeni mwingine. Kocha hapati wasaa wa kumchimba mpinzani. Akianza kumwelewa, ratiba imeshamwondoa. Mtoano wa Kombe la Stanley hubadilisha jambo hilo moja, na mengine yote hufuata: mpinzani ni yule yule, usiku baada ya usiku, mpaka mmoja wao ashinde mechi nne.

Ndiyo maana naupenda mtoano wa hoki ya barafu kuliko shindano lolote la michezo, na ndiyo maana naona anayeutazama kama mechi saba zisizohusiana anapunjika. Mfululizo ni mchezo mmoja mrefu, unaoweza kufika dakika 420 kabla hujahesabu za nyongeza. Beki aliyekumbwa ukutani mara kumi na mbili katika mechi tatu za mwanzo huanza kukiachia kisahani, kile kipande cha mpira kinachopigwa kwa magongo, mapema kuliko inavyofaa katika mechi ya tano, na haraka hiyo ndiyo inayozaa bao. Ukisoma matokeo ya mechi ya tano peke yake, hutajua bao hilo lilianzia wapi.

Kuhusu utaratibu nitapita haraka. Timu ni 32, zinazofuzu ni 16: tatu za juu za kila divisheni kati ya divisheni nne, kisha mbili zaidi kutoka kila kanda, Mashariki na Magharibi, kwa wingi wa pointi. Raundi ni nne, zote za mechi saba. Bingwa anahitaji ushindi mara 16, na anaweza kulazimika kucheza hadi mechi 28 kati ya Aprili na Juni. Timu yenye rekodi bora huanzia nyumbani mechi mbili, husafiri kwa mbili, kisha zinapokezana moja moja. Mechi ya saba ikifika, inachezwa kwake. Tofauti ya mabao haihesabiwi popote: kushinda 8-1 na kushinda 2-1 ni kitu kimoja. Mwaka 2024 Edmonton Oilers waliichapa Florida Panthers 8-1 katika mechi ya nne ya fainali, wakashinda na mbili zilizofuata, mfululizo ukawa 3-3. Mechi ya saba Florida walishinda 2-1 na kombe likawa lao.

Watu wengi hudhani faida ya kucheza nyumbani ni kelele za mashabiki. Kelele zina kazi yake, lakini faida iliyoandikwa katika kanuni ni nyingine: haki ya kubadilisha wachezaji mwisho. Mchezo unaposimama, timu ya ugenini ina sekunde tano za kuingiza watu inaowataka. Baada ya hapo refa huinua mkono na timu ya nyumbani hupewa hadi sekunde nane. Kwa hiyo kocha wa nyumbani anaona kwanza nani yuko kwenye barafu, ndipo anachagua wa kumkabili. Kila timu huvalisha wachezaji 18 na makipa wawili. Kwa kawaida hao 18 ni washambuliaji 12 katika safu nne za watu watatu watatu, na mabeki sita katika jozi tatu. Zamu moja kwenye barafu ni kama sekunde 45, kisha mtu anarudi benchi akihema. Katika mechi moja kocha hufanya maamuzi hayo mara nyingi mno, na mtazamaji asiyetazama benchi hayaoni.

Chukua mfano wa Aleksander Barkov, nahodha wa Florida, mshambuliaji wa kati anayejua kukaba kuliko karibu wote wa nafasi yake. Katika fainali ya 2024 kazi yake kubwa ilikuwa kumkaba Connor McDavid, nyota wa Edmonton. McDavid alimaliza mtoano ule na pointi 42, yaani mabao yake pamoja na pasi za bao, na akapewa tuzo ya Conn Smythe ya mchezaji bora wa mtoano, ingawa timu yake ilishindwa. Lakini katika mechi ya sita na ya saba hakupata bao wala pasi ya bao. Ukitaka kujua mtu wa namna hiyo anazuiwaje, usitazame kisahani. Mtazame yeye anapotoka benchini, na utazame nani anatoka benchi la pili sekunde hiyo hiyo. Ugenini, kocha wa McDavid hana la kufanya ila kumtoa mapema na kumrudisha katikati ya mchezo bila kusubiri filimbi, ili kumpoteza mkabaji. Hilo huchosha, na baada ya wiki mbili uchovu huo huonekana miguuni.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, yaani marekebisho kati ya mechi na mechi.

Mechi ya kwanza huwa ya kuonyeshana. Kila timu hucheza mfumo wake wa msimu mzima. Usiku ule ule wasaidizi wa kocha hukata video, na kesho yake mabeki wanaonyeshwa jambo moja au mawili, si kumi, kwa sababu mtu anayeteleza kwa kasi hana nafasi ya kukumbuka kumi. Jambo la kwanza kubadilika karibu kila mara ni namna ya kukimbiza kisahani katika eneo la mpinzani. Kuna timu hutuma mmoja mbele na kuweka wawili nyuma yake na wawili tena karibu na mstari wa buluu, ule unaotenga eneo hilo na katikati ya uwanja. Hiyo ni njia ya tahadhari. Kuna zinazotuma wawili moja kwa moja kwa mabeki, mmoja katikati, wawili nyuma. Njia ya pili hulazimisha makosa, ila ikipitwa inaacha nafasi kubwa katikati, na shambulio la kujibu huja la watu watatu kwa wawili.

Beki aliyekimbizwa ana majibu machache: kumpasia mwenzake nyuma ya goli, kupitisha kisahani ukutani hadi kwa winga, kumpa mchezaji wa kati anayekuja kumsaidia, au kukigonga kwenye kioo kilicho juu ya ukuta kiruke hadi katikati ya uwanja. Timu inayokimbiza vizuri haijaribu kuzuia yote manne. Huchunguza beki gani anapendelea lipi akigeukia upande gani. Mtu anayeshika gongo kwa mkono wa kushoto lakini anacheza upande wa kulia hupokea kisahani akiwa amegeukia ndani, na ukutani hulazimika kukipiga kwa upande wa nyuma wa gongo, ambao hauna nguvu. Kufikia mechi ya tatu, visahani vyote vya kutupwa vinaelekezwa kona yake. Ukiona timu inatupa kisahani kona moja mara sita katika kipindi kimoja, usiseme wamekosa ubunifu. Wana sababu, na jina la sababu hiyo limeandikwa mgongoni mwa jezi ya beki mmoja.

Marekebisho ya pili ni ya kucheza mmoja akiwa kizimbani, yaani ametolewa nje kwa muda kwa kufanya kosa. Adhabu ndogo ni dakika mbili, na huisha mara moja bao likiingia. Adhabu kubwa ni dakika tano, haiishi hata yakiingia mabao matatu. Timu yenye watano dhidi ya wanne siku hizi hujipanga moja-tatu-moja: mmoja juu karibu na mstari wa buluu, wawili pembeni usawa wa duara zilizochorwa pande mbili za goli, mmoja katikati yao, na mmoja mbele ya kipa kumziba macho. Hatari kubwa ni pasi inayokata uwanja kutoka pembeni hadi pembeni, kwa kuwa kipa lazima ahamishe mwili mzima wakati mpigaji hata hajasimama. Wanne wanaokaba huchagua kati ya kubana mraba na kuzuia pasi hiyo, au kumvamia mwenye kisahani pembeni na kumnyima muda wa kuinua kichwa. Katika msimu wa kawaida hakuna nafasi ya kujifunza mpigaji gani huangalia wapi kabla ya kupasi. Katika mfululizo nafasi ipo, kwa sababu makocha wana video za mashambulizi ya watu watano waliyoyaona wiki hiyo hiyo.

Mfano wa kutisha ni wa mwaka 2010. Washington Capitals walimaliza msimu wakiongoza ligi kwa pointi 121, wakakutana na Montreal Canadiens waliofuzu wakiwa wa nane katika kanda yao. Washington wakaongoza 3-1. Kisha wakapoteza mechi tatu mfululizo na kutolewa. Katika mfululizo mzima walipata nafasi 33 za kucheza na mtu wa ziada, wakafunga moja. Moja tu, wakiwa na Alexander Ovechkin, ambaye kombora lake kila mtu ukumbini alijua linakuja. Tatizo lilikuwa hilo hasa: kila mtu alijua. Wakabaji wa Montreal waliliziba kwa miili yao, na yaliyopenya yalimkuta kipa Jaroslav Halák, ambaye katika mechi ya sita aliokoa mashuti 53 kati ya 54.

Hapo ndipo tunapomfikia kipa, na kipa anastahili hesabu.

Chukua makipa wawili. Mmoja anaokoa asilimia 92 ya mashuti, mwingine asilimia 90. Kwa macho huwezi kuwatofautisha usiku mmoja. Timu ikipiga mashuti 30, wa kwanza hufungwa wastani wa mabao 2.4 na wa pili mabao 3. Tofauti ni 0.6 kwa mechi. Katika mfululizo wa mechi sita ni mabao 3.6, na mifululizo mingi ina mechi mbili au tatu za tofauti ya bao moja. Yaani alama mbili za asilimia, ambazo katika mechi moja ni kelele tu, ndani ya mfululizo zinatosha kuhamisha timu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana Jean-Sébastien Giguère alipewa Conn Smythe mwaka 2003 ingawa Anaheim walishindwa fainali, na ndiyo maana Patrick Roy aliichukua mara tatu, 1986, 1993 na 2001.

Kipa anapochunguzwa na mpinzani mmoja kwa wiki mbili, udhaifu hufunuka. Wapigaji hutafuta mambo machache: je, mkono wa glavu hushuka anapoteleza kwenda kulia? Akipiga magoti, anafanya hivyo mapema hata kisahani kikiwa bado juu ya duara? Kisahani kinachomgonga miguuni kinarudi katikati au anakisukuma kona? Kisha huja jambo ambalo halihitaji ustadi mkubwa bali ushupavu: kusimama mbele yake. Goli lina upana wa mita 1.83 na urefu wa mita 1.22, na kipa wa leo na vifaa vyake hufunika sehemu kubwa mno ya eneo hilo akiona kisahani kinakotoka. Asipokiona, ukubwa wake haumsaidii. Mabao mengi ya mtoano huonekana mabaya kwenye marudio: shuti dhaifu kutoka mbali, linagusa gongo la mtu, linabadili mwelekeo, linaingia taratibu. Hayo si mabao ya bahati tupu. Kuna mtu alipigwa kiunoni mara tatu ili asimame pale.

Bahati nayo ipo, na shabiki mkweli huikubali. Tuseme timu A ni bora kuliko B kiasi cha kushinda mechi 55 katika kila 100 wanazokutana. Huo ni ubora wa wazi. Katika mfululizo wa mechi saba, timu A itapita takribani mara 61 katika 100. Ikiwa na ubora huo huo dhidi ya wapinzani wote wanne, nafasi yake ya kuchukua kombe ni kama asilimia 14. Hata ukimpandisha hadi kushinda mechi 60 katika 100, atavuka kila raundi kwa asilimia 71, na kombe atalipata mara moja katika kila mara nne hivi. Timu mbili zilizo sawa kabisa zitafika mechi ya saba mara 31 katika 100, na moja itaifagia nyingine 4-0 mara 12 au 13. Kwa hiyo ukiona timu imefagiwa, usikimbilie kusema haikuwa na moyo.

Ushahidi uko wazi. Kati ya 2014 na 2025 hakuna timu iliyoongoza ligi kwa pointi ikachukua kombe mwaka huo huo. Ya mwisho kabla ya hapo ilikuwa Chicago Blackhawks mwaka 2013. Tampa Bay Lightning walishinda mechi 62 msimu wa 2018-19, wakafagiwa na Columbus Blue Jackets raundi ya kwanza. Hawakuvunja timu, na mwaka 2020 na 2021 wakachukua kombe mara mbili mfululizo. Boston Bruins waliweka rekodi ya ligi mwaka 2023 kwa ushindi mara 65 na pointi 135, wakaongoza 3-1 dhidi ya Florida, kisha wakatolewa katika mechi ya saba. Upande wa pili wa sarafu ni Los Angeles Kings wa 2012, waliofuzu wakiwa wa nane Magharibi na kumaliza wakiwa mabingwa. Na kutoka nyuma 0-3 hadi kushinda 4-3 kumetokea mara nne: Toronto 1942 katika fainali, New York Islanders 1975, Philadelphia 2010 na Los Angeles 2014. Philadelphia ndio walioshangaza zaidi, kwani hata katika mechi ya saba yenyewe walianza kwa kufungwa mabao matatu.

Muda wa nyongeza ndio unaomfanya mtu ashindwe kulala. Katika msimu wa kawaida sare huamuliwa kwa dakika tano za watatu kwa watatu, kisha mikwaju. Katika mtoano hakuna hayo. Ni watano kwa watano, vipindi kamili vya dakika 20, na bao la kwanza linamaliza. Mwezi Machi 1936 Detroit Red Wings na Montreal Maroons walicheza hadi kipindi cha sita cha nyongeza, dakika 116 na sekunde 30 baada ya muda wa kawaida, ndipo Mud Bruneteau wa Detroit akafunga bao pekee la usiku ule. Agosti 2020 Tampa na Columbus walifika kipindi cha tano. Kipa Joonas Korpisalo wa Columbus aliokoa mashuti 85 na bado akashindwa. Mechi nyingine iliyokuwa ichezwe kwenye uwanja huo huo baadaye siku ile iliahirishwa hadi kesho yake.

Jambo la kuangalia katika dakika hizo ni umbali wa benchi. Benchi zote mbili ziko upande mmoja wa uwanja, na timu huanza kipindi cha kwanza zikilinda goli lililo karibu na benchi lao. Hubadilishana pande kila kipindi, hivyo katika kipindi cha pili beki anayetaka kupumzika ana safari ndefu. Hali hiyo hurudi katika kipindi cha kwanza cha nyongeza, na tena katika cha tatu. Timu ikinaswa kwenye eneo lake, watano walio kwenye barafu wanaweza kukaa dakika mbili bila kubadilishwa. Wakikirusha kisahani kutoka nusu yao hadi nyuma ya mstari wa goli la mpinzani bila kuguswa, hiyo ni aisingi: kisahani hurudi mbele ya kipa wao, na hawaruhusiwi kubadilisha watu. Mabao mengi ya nyongeza huanzia hapo. Ukisikia filimbi ya aisingi, tazama mabeki: wakiwa wameinama, gongo limelazwa magotini, kaa tayari.

Barafu nayo huchoka. Uwanja ni mita 61 kwa 26, na mwezi Juni, katika ukumbi uliojaa watu, unyevu hupanda na uso wa barafu hulainika. Kisahani ni kipande cha mpira mgumu chenye kipenyo cha sentimita 7.6 na uzito wa gramu 156 hadi 170, nacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidunde. Kinapopata joto juu ya barafu yenye chembechembe, huanza kurukaruka. Timu yenye akili mwishoni mwa kipindi huacha pasi za ufundi na kucheza kwa njia rahisi. Anayelalamika kwamba fainali ina pasi mbovu, nusu ya malalamiko yake aipelekee hali ya hewa.

Kuhusu marefa nina maoni makali kidogo. Watu husema filimbi humezwa katika mtoano, na ni kweli kwamba mikwaruzano mingi huachwa ipite, hasa mechi ikiwa sare kipindi cha tatu. Mimi napendelea kiwango kile kile cha Oktoba, kwa sababu filimbi ikinyamaza anayefaidika ni mkabaji mzito, na mwenye kipaji huumia. Lakini kuna adhabu ambazo refa hana hiari nazo. Ukirusha kisahani moja kwa moja juu ya kioo kutoka eneo lako, ni dakika mbili, hata kama mkono uliteleza. Kocha akipinga bao kwa madai ya kuotea na picha zikamkataa, timu yake inapewa dakika mbili. Hapo ndipo makocha hufanya kosa la hasira: bao limeingia, benchi linapiga kelele, anapinga bila mtu wa video kumthibitishia, na sasa amefungwa na ana mtu kizimbani.

Na adhabu kubwa inaweza kupindua kila kitu. Aprili 2019, mechi ya saba, Vegas Golden Knights waliongoza San Jose Sharks 3-0 katika kipindi cha tatu. Vegas wakapewa adhabu ya dakika tano kwa tukio lililomjeruhi nahodha wa San Jose, Joe Pavelski. San Jose wakafunga mabao manne ndani ya adhabu hiyo moja. Vegas walisawazisha, lakini San Jose wakashinda 5-4 muda wa nyongeza. Tangu msimu uliofuata marefa wanaruhusiwa kuangalia tena adhabu kubwa kwenye skrini kabla ya kuithibitisha. Naona ni mabadiliko ya haki. Yangekuja mapema ningefurahi zaidi.

Dakika mbili za mwisho, timu iliyo nyuma kwa bao moja humtoa kipa na kuingiza mshambuliaji wa sita. Anayeona hilo kwa mara ya kwanza hudhani ni wazimu. Hesabu ni nyepesi: kushindwa kwa mabao mawili hakuna hasara zaidi kuliko kushindwa kwa moja, kwa hiyo kinachotafutwa ni bao la kusawazisha tu. Kosa la kawaida ni kumtoa kipa wakati kisahani hakijadhibitiwa; unataka kiwe gongoni mwa mtu wako, kimeshavuka mstari wa buluu wa mpinzani. Chicago walifanya hivyo kwa usahihi katika mechi ya sita ya fainali ya 2013 kule Boston. Walikuwa nyuma 1-2, kipa nje, Bryan Bickell akasawazisha ikiwa imebaki dakika moja na sekunde 16. Sekunde 17 baadaye Dave Bolland akafunga la tatu, la ushindi. Boston walikuwa wakijiandaa kwa mechi ya saba. Badala yake walitazama wageni wakinyanyua kombe kwenye barafu yao.

Katika wiki zote hizi hutaambiwa nani ameumia wapi. Taarifa za timu husema "jeraha la sehemu ya juu ya mwili" au "sehemu ya chini", basi. Ni siri yenye sababu: mpinzani akijua ni bega la kushoto, ataligonga. Baada ya fainali hiyo ya 2013 ndipo ilipojulikana kwamba Patrice Bergeron wa Boston alicheza mechi ya sita akiwa na mbavu iliyovunjika, gegedu lililochanika, bega lililotenguka na pafu lililotobolewa. Mwaka 1964 Bob Baun wa Toronto alifunga bao la ushindi muda wa nyongeza akiwa na mguu uliovunjika. Nawaheshimu sana watu hawa, na bado naamini daktari wa timu angepaswa kuwa na neno la mwisho. Pafu si kitu cha kuchezea.

Mfululizo ukiisha, timu mbili hupanga mistari na kupeana mikono, kila mtu na kila mtu. Watu waliokumbana kwa wiki mbili husimama sekunde chache wakiambiana maneno ambayo kamera hazinasi. Msizime televisheni kabla ya hapo.

Kombe lenyewe lilitolewa mwaka 1892 na Lord Stanley wa Preston, gavana mkuu wa Kanada, na likaanza kushindaniwa mwaka 1893. Lina uzito wa kilo 15.6 na kimo cha karibu sentimita 90. Mara mbili halikupata mwenyewe: 1919, homa ya mafua ilipokatiza fainali, na 2005, mgogoro wa wamiliki na wachezaji ulipofuta msimu mzima. Nahodha ndiye hulipokea kwanza. Mwaka 2001 Joe Sakic wa Colorado alilipokea, hakulinyanyua, akamkabidhi Ray Bourque, aliyekuwa amesubiri misimu 22.

Majina ya washindi huchorwa kwenye kanda za chuma zinazozunguka sehemu ya chini. Zikijaa, ukanda wa zamani zaidi huvuliwa na kupelekwa kwenye jumba la kumbukumbu la hoki mjini Toronto, zilizobaki husogezwa juu. Mwaka 2018 ulivuliwa ule wenye majina ya Maurice Richard na Gordie Howe. Chini kabisa ukawekwa ukanda mtupu.